Mkia-fyatuo aliyenilaza kwenye majani mabichi

Nililala kifudifudi kwenye majani yaliyooza, viwiko vimelowa chapachapa, nikimlenga kwa kamera mkia-fyatuo aliyetulia ubavuni mwa gogo. Nikashusha pumzi. Akatoweka. Ilikuwa mara ya ishirini na kitu, na ndipo nikaanza kushuku kwamba ninayewafukuza ni mimi mwenyewe.

Kwa asiyemjua, huyu ni kiumbe wa miguu sita, wengi wao wa milimita moja au mbili hivi. Chini ya tumbo amekunja kijiti chenye pacha kama manati. Kikifyatuka kinapiga chini na yeye anarushwa hewani. Mimi hupenda wale wa mviringo, wanene kama mbegu iliyoota miguu.

Mwanzoni nililaumu lenzi. Nikaongeza mirija ya kurefushia, ile inayokaa kati ya kamera na lenzi, mdudu akawa mkubwa na shida zikawa kubwa vilevile. Ukikuza mara mbili ya ukubwa halisi kwa f/8 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), eneo lililo kali halifiki hata nusu milimita: jicho likikaa sawa, mgongo umeyeyuka. Nikaona mjanja ni mimi, nikabana tundu hadi f/22. Picha nzima ikawa laini kana kwamba lenzi imepakwa mafuta, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo hutawanyika. Nikarudi f/8 kwa aibu.

Tripodi nayo niliiacha. Hadi umalize kupanga miguu yake mitatu kwenye majani yanayoteleza, mwenyewe kashahama. Siku hizi naegemeza mkono wa kushoto kwenye gogo, lenzi nailaza juu ya vidole, pete ya fokasi siigusi kabisa. Nasogeza mwili mbele taratibu, taratibu mno, nikibonyeza kila sehemu mpya inapokolea. Akitulia napata picha kumi au zaidi, halafu kwenye kompyuta naziunganisha ziwe moja.

Mwanga ndio ulionichukulia muda mrefu zaidi. Fleshi ikishushwa hadi 1/16 ya nguvu yake, mwako unakuwa mfupi kiasi kwamba mtetemo wa mkono hauonekani. Tatizo ni mgongo wa huyu kiumbe: unang'aa kama kigae, na fleshi tupu inaacha doa jeupe katikati yake. Nilikata chombo cha plastiki cheupe, nikakikunja juu ya lenzi kama kibanda. Cha kwanza kilikuwa kipana mno. Kiligusa kuvumwani, ule utando unaoota kwenye gogo, na kumdondoshea mhusika tone la maji. Cha tatu ndicho ninachotumia.

Na pumzi? Nageuza uso pembeni, natoa hewa yote, nasubiri kidogo, ndipo narudi kwenye kamera bila kuvuta nyingine. Kizunguzungu kipo.

Siku iliyonilipa ilikuwa baada ya mvua ya usiku. Niliinua gome lililolegea, nikamkuta mmoja wa njano anajisafisha. Alitoa tumboni mirija miwili myembamba, angavu, akaipitisha mgongoni kama mtu anayejifuta kwa taulo. Nilipiga picha kumi na nne. Tatu zikatoka kali, na katika moja mrija unaonekana wote hadi nchani.

Nikarudisha gome palepale lilipokuwa, maana likibaki wazi unyevu wote unakauka, nikaanza kutafuta namna ya kunyanyuka bila kulitikisa gogo.