Mgongo Ukichachamaa, Silali

Kila mgongo wangu unapochachamaa, wanaonipenda huniambia nilale nipumzike. Nawashukuru, kisha nainuka.

Maumivu ya mgongo yaliyozoeleka, yale ya kuinua mzigo vibaya, mara nyingi hupoa mtu akijilaza. Yangu ni kinyume. Nina ankailosing spondilaitisi, aina ya baridi yabisi inayoshambulia uti wa mgongo na viungo vinavyouunga na nyonga. Kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayochochea uvimbe humo, na ukikaa bila kusogea muda mrefu mgongo unakakamaa zaidi. Ndiyo maana usingizi hukatika saa nane au saa tisa usiku, na asubuhi kuvaa soksi inakuwa kazi.

Kwa hiyo naanzia kitandani. Nalala chali, nakunja magoti, nayapeleka kulia na kushoto taratibu, kidogo tu mwanzoni, mpaka kiuno kianze kuachia. Halafu navuta goti moja kifuani, na jingine. Siinuki wima moja kwa moja: nageuka ubavu, nashusha miguu chini, nasukuma godoro kwa mkono mpaka nikae. Ukiniona utadhani nina miaka tisini, lakini nafika bafuni bila kupiga kelele.

Bafuni nayaacha maji ya moto yapige kiuno, huku nikibinua na kurudisha nyonga. Joto haliondoi uvimbe wa ndani. Linalegeza misuli iliyojikaza kuuzunguka, na hapo ndipo ninapopata nafasi ya kujinyoosha. Baadaye mchana natumia chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, dakika 15 hadi 20. Silali nayo, maana ngozi huungua mtu akiwa usingizini. Kisigino kikiuma, pale kano inaposhikana na mfupa, mimi hupata nafuu kwa barafu ndani ya kitambaa.

Mazoezi mazito nayaweka kando siku hizo, lakini kutembea siachi. Simu inalia kila nusu saa, nami nasimama, nazunguka nyumba, nakaa tena. Kuna zoezi moja watu hulidharau: kuweka viganja kwenye mbavu na kuvuta pumzi ndefu mpaka viganja visukumwe. Mbavu zimeshikana na uti wa mgongo, na viungo hivyo navyo hukakamaa. Ukiviacha, kifua kinapungua kutanuka. Usiku natumia mto mwembamba, na siweki kitu chini ya magoti hata kama kinabembeleza, kwa sababu sitaki nyonga na magoti yazoee kukaa yamekunjwa.

Dawa ya kupunguza uvimbe naimeza na chakula cha jioni, kama tulivyopanga na daktari, ili inisaidie usiku. Sichanganyi ibuprofeni na diklofenaki. Ni za ukoo mmoja: ukizitumia pamoja unaongeza hatari ya vidonda vya tumbo na kuumiza figo, na nafuu ya ziada huipati.

Halafu wapo wale wa kujitolea kukukanyaga mgongo au kuuvuta mpaka ulie "kwa!" Hapo nakuwa mkali bila aibu. Uti wa mgongo ambao pingili zake zimeanza kuungana kwa ugonjwa huu huwa dhaifu na unaweza kuvunjika kwa nguvu ndogo. Kwa sababu hiyohiyo, maumivu mapya makali baada ya kuanguka, hata kuanguka kidogo, si ya kutibia nyumbani. Kadhalika ganzi katikati ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo: hapo ni hospitali mara moja. Jicho nalo, likiwa jekundu, linauma na halitaki mwanga, linahitaji daktari wa macho siku hiyohiyo. Uvimbe huu hupenda kuingia ndani ya jicho, na ukicheleweshwa unaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Kwenye daftari naandika jambo moja kila siku mbaya: mgongo ulichukua muda gani kulegea asubuhi. Daktari huuliza hilo kabla ya kuuliza kama inauma sana. Siku hizo zikianza kufuatana, sijiongezei mazoezi wala vidonge. Nampelekea daftari, tuitazame dawa upya.