Jinsi nilivyosafisha katuni ya filamu hapa Moshi bila kufuta mistari yake

Wenzangu wa kazi ya video, wa Moshi na hata wa Arusha, waliniambia kwamba kusafisha katuni ya zamani ni kazi ya kubonyeza kitufe kimoja: unaiingiza kwenye kompyuta, unaiachia programu iondoe vumbi na mikwaruzo, na asubuhi unaikuta imetakata. Ushauri huo ni mbaya, na unaniudhi kwa sababu bado unatolewa kwa kujiamini kabisa.

Filamu yangu ilikuwa ya milimita 16, katuni ya rangi ya dakika saba hivi, iliyokaa kwenye stoo ya shule moja ya misheni kule Kibosho tangu enzi za projekta. Kopo lilipofunguliwa lilitoa harufu kali ya siki. Ndivyo filamu za asetati, yaani za aina ya plastiki, zinavyooza: joto na unyevu huzivunja zikatoa asidi ya siki, na asidi hiyo ikifungiwa ndani huharakisha uozo, kwa hiyo walionishauri niifunge kwenye mfuko wa nailoni wangeimaliza. Niliipa hewa katika chumba chenye ubaridi, nikaifuta kwa kitambaa laini na alkoholi ya isopropili isiyo na maji, kisha nikaipiga picha fremu moja moja, yaani kila picha ya utepe peke yake, juu ya taa nyeupe. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, dakika saba ni zaidi ya fremu 10,000. Lenzi, taa na kishikizo alichonichongea fundi mmoja wa Mbuyuni vilikula laki kadhaa.

Kitufe chao nilikijaribu kwenye nakala ya kipande kifupi, ambapo paka anakimbia juu ya ukuta. Vumbi liliondoka kweli, ila masharubu ya paka yaliondoka nalo. Akisimama anayo, akianza kukimbia yanakatika vipande vipande, mkia unapoteza mstari wake wa nje, na ile mistari ya kasi iliyochorwa nyuma ya miguu inatoweka kabisa. Programu za namna hii huchukulia kwamba kitu kilichopo kwenye fremu moja na kisichoonekana kwenye jirani zake ni uchafu, ilhali katika katuni mstari mwembamba wa wino unaoruka kutoka hapa hadi pale ndio mchoro wenyewe. Hata katuni maarufu za Marekani zimewahi kutolewa kwenye diski zikiwa na jeraha hilihili.

Njia iliyonifaa, ambayo ninajivunia, inatokana na jinsi katuni zenyewe zilivyotengenezwa. Mara nyingi kila mchoro ulipigwa picha fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, hivyo fremu nyingi zina pacha. Mchoro ni uleule, lakini mikwaruzo iliyoipata filamu baadaye hailingani. Nilipokuta mkwaruzo usoni mwa paka, nilifungua pacha wa fremu hiyo, nikakata sehemu ileile na kuibandika, bila kubuni hata nukta moja. Pacha humtambui kwa kukisia: kwenye kompyuta weka fremu moja juu ya nyingine, kisha iwashe na kuizima ile ya juu, mistari ikitulia umempata, ikicheza mtafute upande wa pili. Na doa linaloonekana mahali palepale kwenye mapacha wote wawili huenda lilikuwa juu ya mchoro siku ulipopigwa picha; madoa ya namna hiyo niliyaacha, kwa kuwa ni sehemu ya kazi ya wachoraji. Penye mbio kali kila fremu ina mchoro wake, na hapo nilirekebisha kwa brashi, usiku baada ya usiku.

Rangi ilikuwa imegeuka nyekundu, kwa sababu rangi ya samawati hufifia kabla ya nyingine. Nilipoirekebisha nilipima kwa weupe wa macho ya paka, si kwa anga, kwani anga mchoraji huipaka atakavyo. Sauti kwenye filamu hii hutangulia picha kwa fremu 26. Usipoichelewesha kiasi hicho, paka atalia kabla ya kukanyagwa.

Mafaili yapo kwenye diski mbili, moja kwangu na moja shuleni. Mkuu wa shule alikuwa ameshauriwa aitupe filamu yenyewe. Nilimsihi asifanye hivyo, na sasa imerudi kwenye baridi ya Kibosho ndani ya kopo lenye matundu, ili atakayepata mashine bora kuliko kamera yangu aweze kuisoma upya.