Neno "toa" limenitoa jasho: kumbukumbu ya mwongozo wangu wa sauti kwenye Linux

Huu ni mwezi wa pili naandika mwongozo wa sauti kwenye Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kwa Kiswahili, na wiki hii ndiyo kwanza umeanza kuwa na sura. Walengwa wangu ni wawili tu: fundi mitambo wa kwaya yetu, anayerekodi kwa laptopu ya mtumba niliyomwekea Debian 12 (mojawapo ya aina za Linux), na mpwa wangu aliyerithi laptopu yangu ya zamani. Wengine wakifaidika, heri.

Rasimu ya kwanza niliitupa. Ilianza na historia ya programu zinazoendesha sauti kwenye Linux: OSS, kisha ALSA iliyoingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) 2.6 mwaka 2003, JACK ya watu wa studio, PulseAudio, mpaka PipeWire ya Wim Taymans, ambayo Fedora 34, aina nyingine ya Linux, ndiyo ilianza kuja nayo kama seva ya kawaida ya sauti (programu inayopokea sauti za programu nyingine na kuzipeleka kwenye spika) mwaka 2021. Kurasa nne. Nilizipenda, maana imenichukua miaka kujua nani anaongea na nani humo ndani. Fundi alisoma ukurasa mmoja na nusu, akauliza: "Sasa kaka, spika yangu inakuja ukurasa wa ngapi?"

Historia imebaki aya moja, tena mwishoni, na hata hiyo imepona kwa sababu ya mstari mmoja. Ukiandika amri ya pactl info, inayouliza seva ya sauti ni ipi, kwenye mashine yake, inajibu "PulseAudio (on PipeWire 0.3.65)". Mtu akiona majina mawili pamoja anadhani kuna programu mbili zinagombana, anaanza kufuta moja. Ilibidi nieleze kwamba anayefanya kazi ni PipeWire, ila anaitika kwa jina la mwenzake ili programu za zamani zisishtuke kwamba nyumba ina mpangaji mpya.

Rasimu ya pili nikaipanga kwa malalamiko, kama watu wanavyoyasema wakinipigia simu. "Kimya kabisa." "Sauti inatokea kwenye TV, siyo kwenye spika." "Maiki haishiki." "Inakatakata." "Najisikia nachelewa." Hivyo ndivyo vichwa vya sura, sijaviremba.

Hapo nikadhani nimemaliza. Nikampa mpwa wangu ajaribu mwenyewe: laptopu, waya wa HDMI, TV ya sebuleni. Mimi nimekaa pembeni na daftari, nimejiwekea sharti la kutosema neno. Hatua ya tatu niliandika: "Toa sauti kwenye HDMI." Akaisoma, akafungua mipangilio, akaikuta HDMI, akaizima. Picha inacheza, midomo inatembea, hakuna kitu.

"Mjomba, umesema nitoe sauti, nimeitoa. Mbona ndiyo imekuwa bubu kabisa?"

Hana kosa. Kutoa sauti ni kuifanya itoke, na kutoa sauti ni kuiondoa, na mimi niliyeandika nilikuwa nasikia maana moja tu kichwani. Nikatafuta "toa" kwenye faili lote: mara kumi na tisa. Zote zimeondoka. Sasa ni "peleka sauti kwenye HDMI", na nikitaka kimya nasema "zima" au "nyamazisha".

Lile neno "sauti" lenyewe nalo lilikuwa linafanya kazi tatu bila mshahara. Kwenye rasimu ile ile lilikuwa kile kinachosikika, lilikuwa kiwango chake ("ongeza sauti"), halafu, kwa uvivu wangu, nikaandika "sauti ya pili" nikimaanisha chaneli ya pili ya kadi ya sauti. Kwa fundi wa kwaya, sauti ya pili ni alto! Akaniuliza kwa nini kompyuta inataka kina mama peke yao. Nikaweka sheria: "sauti" ni ile inayosikika, "kiwango" ni ukubwa wake, "chaneli" ni njia inamopita. Kamusi haitanisifu, lakini tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

Maneno yaliyo kwenye skrini siyatafsiri. Nilijaribu kuita Capture (sehemu ya kurekodi) "Unasaji", fundi akatafuta Unasaji kwenye skrini dakika tano. Kinachosomeka kwenye skrini ndicho ninachoandika, kisha nakieleza pembeni.

Sura ya alsamixer, programu ya kurekebisha viwango vya sauti, ndiyo iliyonila muda. Ukiifungua, mara nyingi unakutana na nguzo moja au mbili tu, unadhani kadi yako ni mbovu. Kumbe hapo unaiangalia seva ya sauti, bonyeza F6 uchague kadi yenyewe ndipo nguzo zote zijitokeze. Halafu kuna yale maandishi madogo chini ya kila nguzo: MM maana yake imenyamazishwa, 00 maana yake iko wazi. Wote wawili walisoma 00 kama kiwango sifuri wakabonyeza M "kuiwasha", yaani wakaizima. Hapa nimechora nguzo mbili kwa mkono, nikaipiga picha karatasi, nikaibandika. Mchoro ni mbaya ila umeeleweka mara ya kwanza.

Kosa jingine la aibu: niliandika "wpctl set-default 47", amri ya kuchagua spika kwa namba yake, kwa sababu kwangu spika ilikuwa 47. Fundi akaandika 47. Kwake 47 ilikuwa kitu kingine kabisa, na hata kwangu namba hizo zinaweza kubadilika kompyuta ikiwashwa upya. Sasa hatua inaanza na wpctl status, tafuta spika yako chini ya Sinks (orodha ya mahali sauti inakopelekwa), soma namba iliyo mbele yake, andika hiyo. Nyota inaonyesha inayotumika sasa.

Kwenye "najisikia nachelewa", yaani sauti yako inakurudia kwa kuchelewa, nilifanya hesabu moja nikaridhika nayo. Sampuli (vipande vidogo vya sauti ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuvipeleka) 1024 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 21. Sauti hewani inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kusimama mita saba kutoka kwenye spika, na bado hujahesabu ucheleweshaji mwingine wa njiani. Ukishusha hadi 256 inabaki kama milisekunde 5, chini ya mita mbili. Fundi hakuuliza milisekunde ni nini. Alitazama umbali kutoka madhabahuni hadi benchi la tatu akasema "ahaa". Laptopu yake inaanza kukatakata kwenye 128, basi tumeishia 256.

Imebaki sura ya bluetooth, na naiogopa. Mpwa analalamika kwamba akifungua maiki ya hedifoni zake muziki unageuka kama redio ya mbao. Sababu naijua: kifaa kinahama kutoka A2DP, hali ya bluetooth inayopeleka muziki tu, kwenda hali ya kupigia simu yenye sauti nyembamba. Namna ya kumwambia bila kutaja hizo herufi bado sijaipata. Jumamosi anakuja tena, na safari hii daftari atashika yeye.