Vile nlivohesabu watu wa kijiji chetu cha Tana, na simu ikanambia nimesimama ndani ya mto

Nianze na binamu yangu alonambia, "Dada, hio ni kazi ya dakika tano, ingia intaneti utoe idadi kwenye sensa." Dakika tano! Mimi nlimaliza wiki tatu na kama elfu saba za mfukoni, na ile sensa ya 2019 kijiji chetu hata haikukitaja. Matokeo walotoa yanashuka mpaka sablokesheni, yaani kata ndogo, basi. Utaona Kenya nzima 47,564,296, utaona kaunti ya Tana River 315,943, utaona sablokesheni yenu, na vijiji vyote vya humo vimetiwa gunia moja.

Sisi watu wa kule tulio huku Mombasa tuna chama chetu, twakutana Kisauni kila mwisho wa mwezi, na tukaamua tuombe boti ya injini kwa ofisi moja, manake watoto wavuka mto kwa mtumbwi kwenda skuli na mamba wako. Fomu ikataka kaya ngapi, watu wangapi, na ramani. Mimi ndo katibu, walinchagua kwa sababu ya mwandiko mzuri, na ukiwa na mwandiko mzuri kwenye chama cha Waswahili umekwisha.

Sasa mimi nkajiona mjanja. Usiku, watoto wamelala, nkafungua ramani ya setilaiti kwenye simu nkatafuta kijiji, nkakuza picha mpaka macho yakaniuma, nkaanza kuhesabu mapaa moja moja, kila paa naweka kijiti kwenye daftari. Nkapata 124. Nkasema kila nyumba watu sita, basi 744. Nkalala na raha kama nimeshinda kura. Siku ya mkutano nkasimama na karatasi yangu nkasoma, wakina mjomba wakatazamana, alafu mzee mmoja akaniuliza pole pole, "Mwanangu, hawa mia saba tumewazaa lini?" Watu walicheka mpaka soda zikamwagika. Kumbe nimehesabu majiko, vyoo, mabanda ya mbuzi, na vile vibanda vya kulindia ndege shambani, na mapaa mengi ni ya nyumba zilohamwa tangu mafuriko ya 2018. Kule kwetu mto waweza kujaa na mvua haijanya hata tone, mabwawa ya juu, Masinga mpaka Kiambere, yakifurika sisi ndo twapokea.

Basi nkapanda basi Mwembe Tayari alfajiri, nauli elfu na ushei, Malindi, Garsen, alafu boda, alafu mtumbwi. Beba pawabanki.

Ramani nlidhani ndo rahisi. Nliweka ile programu ya kurekodi njia, nkatembea kuzunguka kijiji chote juani na leso kichwani, watoto nyuma yangu wanaimba. Nkakaa chini ya mwembe wa nyanya, ngowe mkubwa kabisa, nkafungua simu nione kazi yangu. Simu yasema niko katikati ya mto! Nimeuegemea mwembe, mgongo wangu uko kwenye gome lake, na simu yanionyesha natembea majini kama nabii. Nkazima nkawasha, vile vile. Nyanya akaniuliza, "Hicho chako chasemaje?" Nkamwambia chasema hapa ni mtoni. Akasema, "Hakijakosea sana, hapo nyuma ndo ulikopita mto nkiwa msichana." Na kweli, nyuma ya mashamba kuna kiziwa chembamba kimejipinda kama kucha, hicho ndo mto wa zamani. Tana wajisogeza, unakula upande huu unatapika upande wa pili. Hata mdomo wake wa Kipini si wa tangu zamani, ulikua watokea kusini zaidi mpaka karne ya 19 mfereji wa Belezoni ukaupeleka kwenye mto Ozi, unaoingia baharini hapo Kipini. Sasa ramani ya simu itaujulia wapi.

Kitu chengine sikua nakijua na nimezaliwa pale: ukitoka mtoni kuelekea ndani, unateremka. Kijiji kimekaa juu ya ukingo ulojengwa na matope ya mto wenyewe, mashamba ya mpunga yako chini nyuma. Kwa hio mafuriko hayakujii usoni, yanakuzunguka kwa nyuma ukiwa unapika. Hilo nlilichora na mshale mkubwa.

Nkaiwacha simu, nkachora kwa mkono, mjomba mpiga kafi akinipeleka na mtumbwi ukingo mzima.

Kuhesabu watu sasa, hapa naomba nijisifu kidogo. Kwenda mlango kwa mlango nlijaribu siku ya kwanza, ikawa balaa. Ukifika wapewa sima na kambare, huwezi kukataa, nyumba nne siku nzima na tumbo limenijaa mpaka shingoni. Na kila mtu ananitajia mtoto wake alioko Mombasa. Siku ya pili nkaamka kabla ya azana nkaenda nkakaa pale wanapoteka maji, palipozungushwa miti mamba asiingie. Kila nyumba mtungi wake wa plastiki una alama: huu umefungwa kipande cha leso, ule umechomwa na msumari wa moto herufi mbili, mwengine una rangi ya samawati iliobaki kwenye mtumbwi. Mtoto mmoja wa darasa la sita akinitajia mwenyewe, nami naandika. Kufika saa mbili nna alama 51, yaani vyungu 51, na sensa wenyewe kaya wanaihesabu ivo ivo, wanaokula chungu kimoja chini ya mkubwa mmoja. Baada ya hapo ilikua kupita tu na swali moja, jana usiku wamelala wangapi? Siketi, sinywi hata maji. 287.

Wazee hawakupenda. Walitaka mia sita, na walio Mombasa watiwe. Nkawaambia hata mimi simo, ule usiku wa sensa, tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, nlikua Kisauni, nimehesabiwa kwenye watu 1,208,333 wa Mombasa, siwezi kulala sehemu mbili. Mzee mmoja akanuna, "Kwa hio wewe si wetu?" Tukabishana mpaka magharibi, mwisho nkawawekea mstari wao peke yake chini, "waishio nje", wakaridhika, na ule mstari ndo ulojaa kuliko wote.

Chifu amepiga muhuri, fomu imepelekwa, twangoja. Pembeni ya ramani niliandika tarehe kwa peni nyekundu, manake vuli ikinyesha vizuri, ule mstari wa mto mimi sitoweza kuutetea.