Jiwe chini ya cheni ya juu

Jana mwanafunzi wangu aliniuliza swali ambalo kila anayejifunza buldoza lazima aniulize: "Mwalimu, hii mashine inaweza mteremko wa nyuzi ngapi?" Daftari lilikuwa tayari mkononi, anangoja namba aandike.

Namba huwa zipo kwenye kitabu cha mashine. Lakini ukisoma vizuri, mara nyingi zinahusu oili: mashine ikiinama kupita hapo, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa na injini inakauka. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba chini ya namba hiyo hutapinduka. Nimefanya kazi na maopereta waliochukua namba ile kama kibali, na jambo hilo linanisumbua sana.

Halafu kuna hili la asilimia na nyuzi. Mteremko wa asilimia 100 si ukuta, ni nyuzi 45. Ule unaopanda mita 1 kwa kila mita 2 za kwenda mbele ni asilimia 50, yaani nyuzi 26 na ushee. Mtu akikuambia kwenye redio "hapo ni hamsini", muulize hamsini gani kabla hujagusa gia.

Nilimwekea daftari pembeni nikamsimulia asubuhi moja, nikiwa na miaka minne kwenye kiti. Tulikuwa tunachonga njia ubavuni mwa kilima. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nilitakiwa kuhamia upande wa pili, na badala ya kushuka hadi chini nizunguke, nikakata kwa ubavu, kwa sababu jana yake nilipita hapohapo bila shida. Cheni ya juu, yaani ile ya upande wa kilima kati ya mbili ambazo buldoza hutembelea badala ya magurudumu, ikapanda jiwe lililojificha kwenye majani, kubwa kama ndoo. Wakati huohuo cheni ya chini ilikuwa inaingia kwenye kifusi tulichomwaga jana yake, hakijashindiliwa, kimelowa.

Sasa piga hesabu nami. Cheni zimeachana mita 2, katikati kwa katikati. Ya juu inapanda sentimita 30, ya chini inazama sentimita 20. Hiyo ni nusu mita katika mita 2, karibu nyuzi 14 zinazoongezeka kwa pumzi moja. Kama ulikuwa kwenye nyuzi 20, umefika 34, na kilima hakijabadilika hata kidogo kwa macho. Ndiyo maana sikumpa kijana namba. Mteremko unaokuua ni ule ulio chini ya cheni wakati huo, na huo haupo kwenye ramani wala kitabuni.

Nilichohisi kwanza ni kiti. Paja la upande wa juu likawa jepesi. Kisha mashine ikaanza kuteleza kiubavu, polepole, bila kelele yoyote mpya. Mwili wote ulitaka kuruka nje. Mkanda ukanizuia, na namshukuru mzee aliyenifundisha, ambaye hakuwahi kuniacha niwashe injini kabla hajasikia mkanda umefunga. Fremu ya kinga juu ya kebini inakulinda ukiwa ndani, umefungwa. Ukiruka, mashine inaangukia upande uleule unaorukia, na fremu hiyohiyo ndiyo inayokulalia.

Mzee alikuwa amenirudishia maneno haya mpaka yakanikaa mikononi: "Kijana, ukihisi inakwenda kiubavu, achia mzigo, pua ielekeze chini." Nikageuza pua kuelekea bondeni, bledi, lile bamba la mbele la kusukumia udongo, ikiwa karibu na ardhi, cheni zote mbili zikashika, nikashuka wima hadi tambarare. Nilizima nikakaa kwa muda mrefu kabla miguu haijakubali kushuka.

Tangu siku hiyo, kwenye mteremko napanda wima na kushuka wima. Nikilazimika kupita ubavuni, naanza sehemu iliyo tambarare najichongea ngazi ya kupitia, na ile ngazi naikata zaidi upande wa ndani, ili mashine iegemee kilima badala ya kuegemea bonde. Inachukua muda. Bosi akilalamika, namwambia aje akae yeye kwenye kiti.

Kushuka, tumia gia ileile ambayo ungepandia, na usiweke nyutro kamwe. Bledi iwe chini kiasi cha kuiangusha mara moja ikihitajika, maana ndiyo nanga yako.

Kwa wanaoendesha mashine za zamani zenye klachi mbili za usukani, kuna jambo linalowashangaza hata waliozoea. Kwenye tambarare, ukivuta wenzo wa kushoto unaikata nguvu cheni ya kushoto, ya kulia inaendelea kusukuma, mashine inageuka kushoto. Kwenye mteremko mkali, mashine inashuka kwa uzito wake na injini ndiyo inayoizuia. Ukivuta wenzo wa kushoto hapo bila breki, cheni ya kushoto inakuwa huru, inakimbia kuliko ya kulia, na mashine inageuka kulia. Fikiria upande huo wa kulia kuna korongo. Ninawafanyisha zoezi hili kwenye mteremko mdogo, polepole, mpaka mikono iache kubishana na kichwa.

Na ukingoni, unapomwaga kifusi: usiufuate udongo hadi unapoanguka. Acha rundo la kwanza hapo juu, kisha lisukume kwa rundo la pili. Bledi isivuke mdomo wa ukingo, kwa sababu ardhi iliyo chini yako pale ni ileile uliyomwaga mwenyewe. Ukiona nyufa nyembamba zinazokwenda sambamba na ukingo, rudi nyuma kwa njia uliyojia, shuka, kaongee na msimamizi.

Kijana akaniuliza, basi mtu atajuaje yaliyo chini ya majani? Nikamwonyesha nondo yangu, urefu wa mita moja na nusu, ncha imechongwa. Naichoma kila hatua chache kwenye njia nitakayopita. Ikigonga, nafukua nione ukubwa wa jiwe. Ikizama kirahisi, naweka alama ya kijiti chenye kitambaa. Visiki vya chini chini ndivyo ninavyoviogopa zaidi, maana mashine inayoteleza kiubavu ikikwama kwenye kisiki haitelezi tena, inabiruka.

Kesho asubuhi tunaanza mteremko mpya, tutakata kuanzia juu. Nimemwambia aje na buti zake na nondo yake mwenyewe. Ufunguo wa mashine utabaki mfukoni mwangu mpaka tuwe tumeushuka wote kwa miguu.