Neno lisilo kwenye kamusi

Baridi ya Iringa mwezi huu haina mchezo. Nimejifunika blanketi, chai ya tangawizi iko pembeni, daftari magotini, na sikioni kuna mwimbaji mzee wa Cuba, anaimba Kihispania, namrudisha nyuma kwa mara ya kumi na nne.

Haya mambo yalianzia Isimila, kwenye korongo la nguzo za mawe hapa Iringa, mwaka jana. Mimi huongoza wageni, na Kihispania nilikuwa nimekisoma kwenye simu miezi minane. Vitenzi nilikuwa nimevimeza kama dawa. Siku hiyo mzee mmoja kutoka Hispania akasimama chini ya zile nguzo, akazitazama mpaka juu, akaniuliza kitu. Nikajibu, "Sí, sí." Akauliza tena. Nikatabasamu. Mwishowe akaomba kalamu yangu, akaandika: ¿Cuántos años tiene esto? Hii ina miaka mingapi? Maneno manne, yote nayajua, na hata jibu nilikuwa nalo. Nilitamani lile korongo linimeze.

Kilichoniuma ni kwamba irabu zao ni a, e, i, o, u, kama zetu. Mswahili akipewa ukurasa wa Kihispania atausoma kwa sauti asikwame sana. Sasa sikio linakataa nini?

Jibu nililipata kwenye Guantanamera, wimbo maarufu wa Cuba. Beti zake zinazojulikana sana zimetoka kwa mshairi wa Cuba, José Martí, kwenye kitabu chake cha mwaka 1891. Nilijiwekea sheria: nasikiliza bila kuangalia maneno, naandika ninachosikia kwa tahajia yetu ya Kiswahili, halafu ndipo nafungua shairi. Nikaandika "swertechar". Kamusi haina. Nikarudia, swertechar ileile. Kuja kufungua: suerte echar. Ni maneno mawili, ila e ya huku na e ya kule zimekuwa moja. Mshairi wa watu anasema anataka kuwa upande wa maskini wa dunia, mimi nahangaika na kitenzi ambacho hakijazaliwa.

Nilicheka peke yangu, maana sisi wenyewe tunafanya hivyo kutwa nzima. Nani anasema "mwenzi wangu"? Ni mwenzangu. Mama yangu ni mamangu, na mgeni akienda kuitafuta "mamangu" kwenye kamusi atalala njaa. Kumbe na yule mzee wa Isimila alitamka "kwantosanyos tyenesto", maneno mawili, mimi nikawa nasubiri manne.

Baba mdogo alipita mlangoni akasikia. "Hiyo si rumba? Sisi tumekua nayo hiyo." Hajakosea. Sahani za santuri za Cuba zilikuwa zinachezwa Kongo tangu miaka ya 1930, na Morogoro Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Baba mdogo anazijua hizo gitaa kuliko mimi, neno haelewi hata moja, na wala halimsumbui. Nilimwonea wivu kidogo.

Wimbo una hila yake, lakini. Ukishaukariri, husikii tena, unakumbuka tu, na unajidanganya kwamba sikio limefunguka. Kwa hiyo nikiweza kuuimba jikoni, nauacha, natafuta mwingine. Halafu kuna r na l, ambazo huku kwetu zinabadilishana viti zitakavyo. Kwa Kihispania pero ni lakini, perro ni mbwa, pelo ni nywele. Nyimbo za taratibu ndizo zimenisaidia hapo, mwimbaji akivuta ile rr mpaka unaihesabu.

Ubeti uleule wa suerte echar unamalizia kwa kusema kijito cha mlimani kinampendeza kuliko bahari. Huyu bwana angefikishwa Mufindi asingerudi.

Jana nimejaribu na bachata, muziki wa Jamhuri ya Dominika, na nimerudi darasa la kwanza. Watu wa visiwani kule s ya mwisho wa silabi wanaimeza. Nimeandika "toy", nikalizungushia duara, nikapunguza kasi ya wimbo, bado ni toy. Leo asubuhi, nikiwa kwenye kosta, ndiyo nikashtuka: ni estoy, "niko", limekatwa kichwa. Konda ananidai nauli, mimi natabasamu dirishani.