Uchambuzi wa kazi huanzia kwa anayeifanya

Katika ofisi nyingi, uchambuzi wa kazi, yaani kuchunguza kazi fulani ina majukumu gani na inamtaka mtu wa sifa zipi, hukumbukwa nafasi inapokuwa wazi na tangazo linapotakiwa kutoka haraka. Ofisa rasilimali watu hufungua maelezo ya kazi yaliyoandikwa miaka iliyopita, hubadilisha tarehe, huongeza sifa mbili tatu zinazopendeza masikioni, kisha huyapeleka kwa mkuu wa idara yatiwe saini. Huko ni kunakili tu, na madhara yake hayaishii kwenye tangazo, kwa kuwa maelezo hayohayo ndiyo yatakayotumika kupanga daraja la mshahara, kuandaa mafunzo na kupima utendaji wa mtu ambaye huenda kazi anayoifanya kila siku haimo humo kabisa.

Kinachochambuliwa ni kazi, si mtu aliyeishika. Mtunza stoo hodari aliyedumu kazini huishia kupewa hata majukumu ya ununuzi kwa sababu tu anaaminiwa. Mchambuzi asipotenganisha yanayodaiwa na nafasi na yale yaliyomfuata mtu kwa sababu ya uwezo wake, siku mtunza stoo huyo akistaafu itatangazwa nafasi moja inayohitaji watu wawili.

Njia za kukusanya taarifa zinajulikana: kushuhudia kazi ikifanyika, usaili, dodoso na shajara anayoijaza mfanyakazi mwenyewe. Kushuhudia kunafaa pale kazi inapojirudia mara kwa mara, lakini mhasibu anayefunga hesabu mwishoni mwa mwezi hawezi kuonekana akizifunga tarehe 10. Dodoso husaidia kulinganisha kazi nyingi kwa kipimo kimoja. Lile la Ernest McCormick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, lililojulikana tangu miaka ya 1970, lina vipengele 194, nalo huonyesha vizuri kazi mbili zinafanana kwa kiasi gani, ingawa halikuambii mtu anafanya nini hasa akifika kazini.

Kwa hilo mimi hutegemea usaili, na usaili husimama au huanguka kwa namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu majukumu yake ni yapi, atakusomea karatasi aliyopewa alipoajiriwa. Muulize jana alianza na nini, nani alimletea kazi hiyo, aliikabidhi kwa nani, na ingeharibika nani angekuwa wa kwanza kulalamika. John Flanagan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewahi kushughulikia uteuzi wa marubani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alieleza mwaka 1954 mbinu ya kukusanya matukio halisi ambamo mtu alifanya kazi vizuri sana au vibaya sana: hali ilikuwaje, alifanya nini, na matokeo yakawa yapi. Mpaka leo sijaona mbinu inayofungua mazungumzo kuliko hiyo.

Tuseme mtunza stoo huyo anasimulia siku mzigo ulipofika ukiwa na hati ya katoni 40, zikashushwa 38, na dereva akawa anadai saini ili aondoke. Katika tukio hilo moja umepata kuhesabu kabla ya kusaini, kuandika upungufu kwenye hati yenyewe, kustahimili shinikizo, na kujua wa kumpigia simu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana katika sentensi isemayo “kusimamia stoo kwa ufanisi”, ambayo haiwezi kufundishwa wala kupimwa.

Kabla ya yote, mweleze kwa nini umekuja. Anayedhani unatafuta wa kupunguzwa ataikuza kazi yake, na ana haki ya kuogopa. Msimamizi naye asailiwe peke yake. Maelezo yao yakitofautiana, usikimbilie kuyapatanisha, maana mara nyingi hapo ndipo unapojua kwamba jukumu fulani halina mwenyewe.

Sifa za mwombaji zije mwisho, zikitokana na majukumu. Mwaka 1971, katika kesi ya Griggs dhidi ya kampuni ya Duke Power, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vigezo vya cheti cha sekondari na majaribio ya jumla, vilivyowazuia Weusi wengi kupata kazi bora zaidi, haviwezi kukubalika bila kuonyeshwa kuwa vinahusiana na utendaji wa kazi yenyewe. Kwa hiyo kila ninapokuta “shahada” katika rasimu, nauliza ni jukumu lipi hasa linaloihitaji, na lisipotajika naifuta.

Rasimu ikikamilika huirudisha kwa mfanyakazi na kumwachia kalamu. Anachokifuta tunakijadili na msimamizi akiwapo, kisha tunaandika tarehe, kwa sababu mfumo mpya wa kompyuta ukiingia stoo, sehemu ya karatasi hiyo itakuwa imepitwa na wakati.